Ngeli ya Wagonjwa

Usiku wa tatu huu, Wete, umeme umekatika tena,
kompyuta imebakiwa na asilimia kumi na tisa,
nami nimekwama kwenye sentensi ya neno moja
na tundu mbele yake.

Tundu ni la namba. Aliyeiandika programu
yuko nchi ya theluji, nasikia, simjui wala hanijui.
Ameacha nafasi: humu itaingia moja, au thelathini.
Kisha ananiuliza kwa adabu,
lugha yenu ina wingi wa aina ngapi?
Visanduku viwili. Umoja. Wingi.
Nilicheka peke yangu hadi paka akashuka dirishani.

Ndugu yangu, wingi wa nini?
Vitanda vimeruhusiwa, dawa zimeruhusiwa,
mizigo imeruhusiwa, magari yameruhusiwa.
Kitenzi kwetu hakitoki bila kuvaa,
na hakivai kabla ya kujua kinakwenda kwa nani.
Wewe wanipa namba tupu,
hujaniambia nani kasimama nyuma yake.

Aliyenitangulia, miaka sita nyuma,
aliandika ZI- kila mahali akaenda zake.
Simlaumu. Maneno elfu mbili na mia nne,
hakuna malipo, na bando lake mwenyewe.
Lakini Jumatatu, hospitali, masjala,
kwenye kioo cha Bi Mize palitokea:

3 zimeruhusiwa.

Zipi? akauliza, akageuka.
Mlangoni alikuwa Time Faki na beseni lake,
na kanga mbili, na ndani ya kila kanga
mtoto wa siku nane.
Tatu hizo.

Bi Mize ni mama yangu mdogo.
Miaka ishirini na saba aliandika kwa kalamu,
daftari refu, mistari miwili kwa kila mtu,
hajapata kupoteza jina.
Ikaja programu. Mwaka jana alibonyeza kitufe chekundu
cha Kiingereza, akidhani chasema nimemaliza,
kikameza asubuhi nzima: watu arubaini na mmoja.
Hakulia. Alikwenda chumba cha vidonda,
akaomba plasta, akaibandika juu ya kioo
pale pale kitufe kilipo.
Ipo hadi leo. Imeanza kuwa nyeusi pembeni.

Nilipoanza kutafsiri, kitufe kile nilikiita Ghairi.
Nikampelekea aone. Akavaa miwani, akavua.
"Hino programu au khutba?"
Nikamwambia, basi wewe ungekiitaje?
"Tupa," akasema. "Andika Tupa.
Hata mwenye haraka, mkono utamsita."

Mkaguzi wa tafsiri alikikataa.
Akasema si neno rasmi, tazama kamusi,
akaniorodheshea visawe vitano, vyote vina tai shingoni.
Nilitafuta hoja ya kitaalamu nikaikosa.
Nikamjibu tu: hapa yuko mwanamke
aliyebandika plasta kwenye kompyuta.
Siku mbili kimya.
Ya tatu akaweka alama ya kukubali, bila neno.

Sasa asilimia kumi na moja.
Jirani amewasha jenereta, mwanga wake haufiki huku.
Nimeipata njia ya mkato, si nzuri sana:
nimeongeza neno zima kabla ya tundu,
Wagonjwa, herufi nane, sentensi imekuwa ndefu,
huenda ikakatwa mwisho kwenye simu ndogo.
Na ikatwe. Nimefuta ZI-, nimeandika WA-.
Kule kwenye theluji itaonekana ni herufi mbili
zimebadilishwa, saa nane usiku, na mtu asiye na picha.

Nimebakiwa na maneno mia mbili na sita.
Linalofuata ni la rekodi isiyo na mzazi,
wao wanaiita kwa neno lile lile la mtoto aliyefiwa.
Yatima? Kwenye kioo cha hospitali?
Nitamwuliza Bi Mize kesho.

Plasta hajaibandua.
Nilipomwambia kitufe sasa ni Kiswahili,
alikipapasa kwa juu, kwa kucha.
"Ngoja kwanza," akasema. "Nikizoee."